R na L za Walubengo

Jina langu ni Rukia binti Hashim, na nataka lijulikane hivyo kabla sijaanza, maana katika habari hizi litaharibiwa mara nyingi. Babu yangu alikuja Kitale kutoka Tanga akiwa mpishi wa mzungu mwenye shamba, na pamoja na sufuria zake alikuja na Kiswahili chake. Nyumbani kwetu, nyuma ya msikiti, mtoto aliyesema "kitabu yangu" alikosa chai ya jioni. Ndivyo nilivyolelewa, kwa hiyo mtanisamehe kwa jinsi nilivyompokea Walubengo.

Alikuja mwaka 1987 katika chuo kidogo cha biashara nilichokuwa nafundisha taipu, orofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na mabati. Alikuwa kijana wa miaka ishirini kutoka Kabuchai, upande wa Bungoma, mrefu, amevaa koti la baba yake ambalo mikono yake iliishia njiani. Akasimama mlangoni akasema, "Habali ya asubuhi, Mwarimu Lukia."

Nikamwambia ni Mwalimu, na ni Rukia. Akainamisha kichwa kwa adabu akasema, "Ndiyo, Mwarimu Lukia."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Sitajificha: miezi ile nilimsimamisha asome mbele ya wenzake mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na si kwa sababu alisoma vizuri. Barua kwake ilikuwa balua, habari ikawa habali, na siku alipochapa tangazo la mkutano akaandika kwamba wajumbe wafike "mahari pa kawaida", nilimuuliza ng'ombe wangapi. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Mimi nilijiambia kwamba huku si kucheka kilema, ni kufundisha lugha.

Mwaka uliofuata chuo kikanunua kompyuta. Niseme wazi, kompyuta moja. Iliwekwa katika chumba chenye zulia, ikafunikwa kitambaa cha maua kilichofumwa na mke wa mkuu wa chuo, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, kila mmoja dakika kumi mara mbili kwa wiki, umeme ukiwapo. Mwalimu wao alikuwa amemaliza kuisomea wiki mbili kabla yao. Walubengo alijiandikisha wa kwanza, na soksi yake ya kulia ilikuwa na dirisha ambalo kidole gumba kilichungulia kila alipofikiri sana.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuiamuru mashine iandike jina la mwanafunzi. Amri yenyewe ni neno moja la Kiingereza, PRINT, kisha jina. Walubengo akaandika PLINT. Mashine ikamjibu kwamba sentensi yake ina kosa. Akaandika tena, polepole, PLINT. Ikamjibu vilevile. Alipofika mara ya saba, na dakika zake zinakwisha, akaja na soksi zake hadi darasa la taipu kuniita, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa hakimu wa herufi. Nilipoona kioo cha mashine nilicheka hadi nikashika mlango.

Yeye hakucheka. Aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akauliza, "Kwa hivyo hii mashine pia wazee wake walitoka Pwani?"

Nikamwambia ndiyo, na kichwa chake ni kigumu kuliko changu.

Tangu siku hiyo akawa anaandika R kubwa kwa kalamu kwenye mkono wake wa kulia na L kwenye wa kushoto, na kabla ya kubonyeza chochote anaiangalia mikono yote miwili kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Baada ya miezi miwili hakuna programu yake iliyokataliwa kwa ajili ya herufi. Lakini mimi nilibaki Lukia. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, mbona mashine unaiheshimu kunishinda. Jibu lake nimelikumbuka maisha yangu yote.

"Mwarimu, wewe nikisema Lukia si unageuka? Wewe uko na masikio. Hiyo iko na macho tu, bana. Haiwezi nisaidia."

Alimaliza kozi akiwa na cheti cha wiki kumi na mbili. Hapo ndipo shida ya maisha yake ilipoanza, kwa kuwa alikuwa ameshikwa na ile mashine. Hakutaka tena kuwa karani wala mwalimu wala askari jela. Alitaka kuwa programa, yaani yule anayeiandikia kompyuta cha kufanya, si yule anayeibonyeza kwa vidole tu. Akaenda Kabuchai kumwambia baba yake. Mzee Wanjala alikuwa mtu wa miwa na mahindi, mwenye maneno machache, na aliuliza maswali mawili: hiyo kazi inasomewa miaka mingapi, na inalipa ngapi?

Walubengo hakuwa na jibu hata moja. Wala mimi sikuwa nalo, wala mkuu wa chuo aliyeuza hizo kozi. Mwaka ule Kitale nzima ungepata watu mia wa kukuambia bei ya gunia la mahindi, na hakuna hata mmoja wa kukuambia programa anasoma nini.

Basi akaanza kutafuta. Aliandika barua kwa kampuni tatu za Nairobi, akiuliza kwa heshima masharti ya elimu na mshahara. Ya kwanza ilijibu kwamba lazima digrii ya hesabu. Ya pili ilisema kidato cha sita na miaka mitatu ya uzoefu, bila kueleza mtu atapata wapi uzoefu kabla ya kupewa kazi. Ya tatu ilimsikitikia kwamba haina nafasi, ingawa hakuwa ameomba nafasi. Akazitunza zote katika faili la kijani.

Halafu kuna matangazo ya magazeti. Hakuwa na pesa ya gazeti, lakini mchinjaji wetu karibu na stendi alikuwa ananunua magazeti ya zamani kwa kilo ili kufungia nyama. Kila Jumamosi Walubengo alipita pale akapekua rundo, na akiona tangazo la programa analikata kwa wembe. Moja lilikuwa zuri kuliko yote: kampuni kubwa ya Nairobi, elimu "digrii au ujuzi unaolingana nayo", na mshahara wameuandika. Ila mchinjaji alikuwa ameshapitisha mkono pale, na damu ya mbuzi ilikauka juu ya tarakimu ya kwanza. Ilikuwa elfu tatu au elfu nane. Tuliliangalia kwa jua, tuliliangalia kwa taa. Mimi nikasema ni tatu, maana elfu nane kwa mwezi wakati ule ilikuwa habari za mawaziri. Mzee Wanjala, alipoletewa, hakuvaa hata miwani. Akasema ni nane, akaenda zake kupalilia.

Lakini mzee hakuwa wa kungoja magazeti. Hedimasta wa shule ya jirani alikuwa na nafasi ya mwalimu asiye na mafunzo, na alikubali kuiweka mpaka mwisho wa Machi 1990. Mzee akamwambia mwanawe waziwazi: kama mvua za kupanda zitaanza bila wewe kuwa programa, utashika chaki, na hatutazungumza tena habari za mashine. Walubengo akakubali. Alinieleza hayo akiwa ameshika faili lake kifuani, na nikaona kijana huyu akishika chaki ataishika, lakini kitu ndani yake kitazimika.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha chuo. Nilikuwa katibu muhtasi katika chama cha wakulima wa mbegu, mjini hapo hapo. Chama kiligawia wanachama mbegu za mahindi za kupanda, kuanzia Kapsokwony huko mlimani hadi Kabuchai, na mwishoni mwa 1989 kikaamua nacho kiwe cha kisasa. Kikanunua kompyuta, na meneja wetu, Bwana Kimaiyo, akanipa nichape matangazo mawili ya kazi. La kwanza: programa, digrii, mshahara shilingi elfu nne na mia sita. La pili: karani wa kuingiza majina kwenye kompyuta, kidato cha nne na cheti, elfu moja mia tano.

Nilimpelekea Walubengo habari siku ileile. Akaniomba nimchapie barua. Akaniambia anaomba ya programa, akanitajia kila kitu cha kuandika, akatia sahihi chini ya karatasi tupu kwa sababu alikuwa anakimbilia gari la Bungoma. Sahihi kwenye karatasi tupu! Ndivyo alivyoniamini.

Nami nikakaa mbele ya taipu, nikaliangalia lile neno digrii ambalo nililichapa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikawaza watakavyomcheka. Mtaka yote hukosa yote, nikajiambia, na badala ya programa nikachapa karani.

Aliitwa, akachukuliwa, akaanza kazi Januari. Alipouliza kuhusu ile ya programa nilimwambia kwamba walimwona anafaa huku. Akashukuru. Baba yake hakushukuru. Alisema karani na mwalimu ni afadhali mwalimu, maana mwalimu husalimiwa njiani, na kwamba ahadi ya Machi iko palepale.

Nafasi ya programa ilibaki wazi. Wenye digrii wawili waliitwa kutoka Nairobi. Mmoja alifika, akauangalia mji, akarudi na basi lilelile. Wa pili aliuliza kwa simu kama Kitale kuna sinema. Kwa hiyo programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Nairobi iliyotuuzia mashine, na mtaalamu wao, Miss Mwihaki, msichana mwenye digrii na miwani mikubwa, akawa anakuja mara moja kwa mwezi kuikagua.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Tuliandikisha wakulima kwa mkono katika madaftari, mimi na makarani wengine, kila mtu kituo chake. Majina yakaingizwa kwenye kompyuta. Msimu ukifika, mkulima anakuja dirishani, anataja jina, karani analichapa, na mashine inatoa kikaratasi cha kuchukulia mbegu. Kadi za namba zilikuwa bado zinachapishwa, kwa hiyo mwaka ule jina lilikuwa ndilo kila kitu.

Jumatatu ya tatu ya Machi tukafungua dirisha. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima Elgon. Watu wa Kapsokwony wakawa wa kwanza: Kimeli, yupo, Chepkemei, yupo, wakachukua mbegu wakaondoka wakiisifu serikali, ingawa serikali haikuhusika. Kisha wakaja watu wa upande wa Bungoma. Karani Kibiwott akachapa jina la kwanza. Kioo kikaandika HAYUPO. La pili, HAYUPO. La tatu, HAYUPO.

Mtu wa saba alikuwa mama mmoja mzee wa Kabuchai, Robai Naliaka, aliyekuja na gunia tupu ameliviringisha kwapani. Alipoambiwa hayupo aliingiza kichwa dirishani akaitazama mashine.

"Ati nani hayuko? Mimi niko," akasema. "Iambie iniangalie. Niko."

Kibiwott akaiambia tena. HAYUPO.

Hadi saa nane tulikuwa na watu sitini na wanne ambao hawapo, wote wamekaa kwenye nyasi nje ya ofisi, wanakula miwa. Ikaanza kusemwa kwamba mashine imepewa orodha ya watu wa kunyimwa. Bwana Kimaiyo alipiga simu Nairobi, akaambiwa Miss Mwihaki atafika Jumatano. Akaagiza chai kwa watu wote sitini na wanne, na yeye mwenyewe hakunywa.

Kazi ya Walubengo ya asubuhi ilikuwa kuchapa orodha nzima kwenye karatasi, na alipoimaliza alikwenda nayo kwenye nyasi, akakaa na wale wazee, akawa anawauliza majina yao mmoja mmoja kama mtu anayeandaa arusi. Jumanne mchana akaja mezani kwangu na daftari langu la kuandikishia wakulima. Kalamu nyekundu aliyoshika ilikuwa yangu pia.

"Mwarimu," akasema, "hapa umeandika Nariaka. Kukhu, huyu nyanya, alikwambia aje?"

Nikakumbuka vizuri. Alisema Naliaka, na mimi, kwa kuwa ninawajua watu wa Bungoma, nikajua anamaanisha Nariaka. Nikamsahihisha.

Akafungua ukurasa mwingine. Mzee Mulongo, mimi nimemwandika Murongo. Simali nimemfanya Simari. Nilikuwa nimewasahihisha watu majina waliyopewa na mababu zao, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri. Na pale ambapo L kweli ilipaswa kuwa R, karani mwingine alikuwa ameandika alivyosikia. Yule mama alibatizwa Robai Naliaka. Kwenye daftari nilimwandika Robai Nariaka. Dirishani yeye mwenyewe alijitaja Lobai Naliaka, na Kibiwott akachapa hivyo. Kwa macho ya mashine hao walikuwa wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyestahili mbegu.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimemcheka kijana huyu miaka mitatu kwa herufi mbili, na sasa watu sitini na wanne walikuwa wamelala mjini bila mbegu kwa ajili ya masikio yangu. Nilimwambia hivyo, na nikamwomba msamaha. Yeye alikuwa hasikii. Alikuwa anaangalia dirishani, na kidole gumba, nina hakika, kilikuwa kinachungulia ndani ya kiatu.

"Hii kitu ilikuwa na macho tu," akasema. "Wacha niipatie masikio."

Aliandika programu yake katika daftari la hesabu la mraba, kwa penseli, mchana ule wote. Jumatano asubuhi akamwomba Bwana Kimaiyo ruhusa ya kuijaribu kwenye nakala, ile ya asili aiache palepale ilipo. Bwana Kimaiyo alikuwa ameshafika mahali ambapo angeruhusu hata mganga. Nilichoelewa ni hiki: kabla ya kulinganisha majina, mashine iyachukue yote mawili, lile la daftarini na lile la dirishani, na pembeni, bila kugusa yenyewe, igeuze kila R kuwa L. Kisha ndiyo ilinganishe. Nariaka na Naliaka wakifika pale pembeni wote ni Naliaka. Robai na Lobai wote ni Lobai. Ilikuwa mistari minne tu.

Mama Robai aliitwa dirishani. Akataja jina lake kwa sauti ya mtu aliyechoka kulitaja. Kibiwott akachapa. Kioo kikaandika YUPO, na mashine ikaanza kukwaruza kikaratasi chake.

Yule mama hakushangilia. Alikikunja kikaratasi akakitia kifuani. Akaiambia mashine kwa Kibukusu maneno ambayo Walubengo alikataa kunitafsiria, akaenda kuchukua mbegu zake.

Miss Mwihaki alipofika saa sita na mkoba wake alikuta foleni inatembea. Akauliza nani amegusa programu yake. Walubengo akasimama. Wakaingia ofisini kwa meneja, nami nikaitwa na daftari langu la hati mkato niandike kumbukumbu.

Miss Mwihaki aliisoma ile mistari mara mbili. Akauliza: je, kama kuna Murunga na Mulunga kweli, watu wawili tofauti, mashine itampa mmoja mbegu za mwingine? Walubengo akajibu kwamba amelifikiria hilo. Mashine ikipata wawili wanaofanana haitoi kitu, inauliza kijiji, na vijiji vikifanana inauliza jina la baba. Miss Mwihaki akavua miwani, akaanza kucheka peke yake. Tukashangaa.

"Mimi ni mtu wa Murang'a," akasema. "Shuleni niliandika kwamba nimenunua karamu ya wino mwekundu. Nilichapwa. Na bado sikukumbuka hii kitu nikiandika programu." Akamgeukia meneja akamwambia mtu wao wa kazi ndiye huyu, waache kutafuta wa Nairobi.

Bwana Kimaiyo akafungua faili. Akasema shida ni kwamba kijana hakuwahi kuomba kazi ya programa. Barua yake ni ya ukarani, na sahihi yake iko hapa.

Walubengo akaitazama ile barua. Akaisoma yote, hadi chini, na akatazama sahihi. Hakunitazama mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikaandika mstari mmoja, nikaweka kalamu chini.

"Barua hiyo niliichapa mimi," nikasema. "Yeye aliomba kazi ya programa. Niligeuza neno kwa sababu nilidhani hawezi."

Bwana Kimaiyo akaniuliza kama niandike hilo kwenye kumbukumbu. Nikamwambia nimeshaliandika.

Kisha meneja akakohoa akasema, sawa, lakini digrii hana. Kwa mtu asiye na digrii chama kinaweza kumpa nusu ya mshahara uliotangazwa, yaani elfu mbili na mia tatu. Akamuuliza Walubengo, wewe unatarajia mshahara gani?

Nilijua amefundishwa majibu ya swali hilo. Baba yake alimwambia ataje unaozidi wa hedimasta. Mimi niliwahi kumwambia aseme elfu mbili haraka kabla hawajabadili mawazo. Yeye akaangalia mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama wakati ule wa chuoni.

"Ni sawa, Bwana Meneja," akasema. "Kwa nusu mshahala nitatafutia watu wa L. Wa R wangojee mtu wa digilii."

Miss Mwihaki alilazimika kutoka nje. Bwana Kimaiyo alijitahidi kukunja uso, ukakataa kukunjika. Walikubaliana elfu nne, na sharti moja, kwamba ajisajili kwa diploma kwa njia ya posta na aimalize kabla ya miaka mitano. Ilikuwa tarehe ishirini na moja Machi. Jumamosi yake alikwenda Kabuchai na barua, na Mzee Wanjala akampeleka mwenyewe kwa hedimasta kurudisha ile chaki. Walivyorudi, mzee alisema neno moja tu kuhusu mshahara: kwamba bado nne haijafika nane.

Na mimi? Walubengo hakunisema kwa lile la barua, hata siku moja. Nilitamani anifokee kidogo nipumue. Badala yake, mwezi Mei, alimaliza programu mpya ya mishahara ya wafanyakazi, na kila mtu akapewa hati yake iliyochapwa na mashine. Nikaifungua yangu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: LUKIA HASHIM.

Nilimfuata nayo mbio. Akaishika, akaisoma kwa makini, akasema ni kosa la kawaida la programu, lile la kugeuza R, atalirekebisha akipata nafasi. Ningemwamini. Lakini mlinzi wetu aliitwa Barasa, na hati yake ilitoka Barasa.

Hakupata nafasi ya kulirekebisha kwa miaka sita. Diploma aliimaliza mwaka 1994, kwa kusoma kwenye ile meza, saa ya chakula, mahindi ya kuchoma mkono mmoja. Nilimsaidia Kiingereza, naye hakuacha kuniita Mwarimu. Mwaka 1996 aliondoka kwenda Nairobi, na kampuni iliyomchukua ni ileile ya tangazo la mchinjaji. Wiki mbili baadaye nikapata kadi ya posta. Alikuwa amekwenda masijala, ametafuta faili za zamani mpaka akaliona lile tangazo likiwa safi. Aliandika mstari mmoja: "Mwarimu, ilikuwa nane. Papa nimemwambia, amesema alijua."

Mwezi uliofuata akaja programa mpya, kijana mwenye digrii kamili, mpole, ameajiriwa kwa elfu kumi na mbili kwa kuwa dunia ilikuwa imebadilika. Siku ya mishahara alikuja mezani kwangu ameshika hati yangu, amefadhaika. Akasema amegundua kosa la ajabu ndani ya programu, mstari mmoja unaohusu mfanyakazi mmoja tu, na kwamba ataufuta sasa hivi.

Nikamwambia aketi kwanza. Nikamwambia kwamba miaka arobaini nimewasahihisha watu jina hili, na sasa hakuna tena wa kulikosea, na ofisi imekuwa kimya sana.

"Liache," nikamwambia. "Hilo ndilo jina langu la kazini."